Isaac Newton: mtoto wa mkulima aliyeshindwa kuchunga kondoo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na majina ya waliochaguliwa vyuoni yakitangazwa, wapo vijana wa Kilosa, Kimamba, Mikumi na Kidodi wanaofunga mabegi kwenda Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam. Wengine wanakwenda kusomea uhandisi, wengine ualimu, wengine kilimo, na wengi wao mwaka wa kwanza wanakutana na fizikia na hesabu. Wiki chache baadaye simu zinaanza kupigwa nyumbani. Mhadhiri anakwenda kasi, ubao umejaa alama, na kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao anagundua kwamba ukumbi mzima umejaa watu waliokuwa wa kwanza shuleni kwao.

Sehemu kubwa ya kilichoandikwa kwenye ubao huo inatoka kwa mtu mmoja. Sheria tatu za mwendo ni zake. Kanuni ya uvutano ni yake. Kalkulasi, ile hesabu inayowatoa wengi jasho, ni yake kwa nusu, na hiyo nusu tutaieleza mbele. Hata kani tunaipima kwa jina lake: niutoni. Katika makala haya tunasimulia maisha ya Isaac Newton, Mwingereza aliyekufa karibu miaka 300 iliyopita. Wapo wanaomfahamu kwa kisa cha tunda tu. Maisha yenyewe yana mengi zaidi ya tunda, na baadhi yake wazazi wa vijijini watayatambua haraka.

Alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642 kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo. Kwa kalenda yetu ya leo ni tarehe 4 Januari 1643. Kijiji chao kiliitwa Woolsthorpe, katika jimbo la Lincolnshire, huko Ulaya. (Wasikilizaji wetu wa kata ya Ulaya hapa Kilosa watusamehe, tunasema ile Ulaya nyingine.) Baba yake, naye aliitwa Isaac, alikuwa mkulima na mfugaji mwenye mali kiasi, lakini hakujua hata kuandika jina lake. Alifariki miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto mwenyewe alikuja kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba nyumbani walisimulia angeweza kuenea ndani ya kikombe kikubwa cha lita moja. Hakuna aliyetegemea angeuona mwaka mpya.

Alipofika miaka 3 mama yake, Hannah, aliolewa na mchungaji wa kanisa wa kijiji cha jirani aliyeitwa Barnabas Smith. Mume huyo hakumtaka mtoto wa mwenzake. Basi Isaac akaachwa kwa bibi yake mzaa mama, na kwa miaka kadhaa akaishi karibu na mama yake bila kuishi naye. Jeraha hilo halikupona upesi. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo aliandika kwa hati mkato orodha ya dhambi zake, na mojawapo ni kwamba aliwahi kutishia kuwachoma moto mama yake na baba yake wa kambo pamoja na nyumba yao. Smith alifariki mwaka 1653. Mama akarudi Woolsthorpe na watoto wengine watatu, na Isaac akapata mama na wadogo zake kwa siku moja.

Kondoo waliingia shamba la watu

Alipelekwa shule katika mji wa Grantham, akapanga kwa muuza dawa mmoja wa hapo. Shule ilifundisha Kilatini zaidi kuliko hesabu. Muda wake mwingine ulikwenda kwenye kutengeneza vitu: kinu kidogo cha upepo, saa ya maji, na saa za jua alizochora kila mahali alipokaa. Mtoto wa aina hii tunamjua, ndiye yule anayefungua redio ya babu kuona sauti inatoka wapi.

Alipokaribia miaka 17 mama yake alimwondoa shule. Sababu yake si ngumu kuielewa. Alikuwa mjane mwenye mashamba na mifugo, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza wa kiume. Masomo ya nini, na kuna shamba la kurithi? Akamrudisha nyumbani kujifunza kilimo na ufugaji.

Ilikuwa hasara tupu. Akitumwa kuchunga kondoo, alikaa chini ya mti na kitabu, kondoo wakapotea. Akitumwa sokoni na mtumishi, alimwachia mtumishi biashara akaenda kusoma. Kumbukumbu za baraza la eneo hilo za mwaka 1659 zinaonyesha kijana Newton alitozwa faini kwa sababu kondoo wake waliharibu mali za watu, nguruwe wake waliingia kwenye mashamba ya nafaka, na uzio wake ulikuwa umeanguka. Hapa Kilosa hatuna haja ya kueleza ugomvi wa mifugo kuingia mashambani. Tunasema tu kwamba mtu ambaye baadaye alieleza mwendo wa sayari alishindwa kuongoza mwendo wa kondoo.

Waliomwokoa ni wawili. Mmoja ni mjomba wake, William Ayscough, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Cambridge. Wa pili ni mwalimu mkuu wa Grantham, Henry Stokes, aliyemfuata mama na kumwambia kijana huyu anapotea bure. Stokes aliahidi kumsamehe ada ambayo wanafunzi waliotoka nje ya mji walilipa. Mama akakubali kwa shingo upande. Mwaka 1660 Isaac akarudi darasani, na Juni 1661 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge.

Mwanafunzi mtumishi

Mama yake hakuwa maskini, lakini fedha aliyompa mwanawe kwa masomo ilikuwa ndogo sana. Kwa hiyo Newton aliingia chuo katika daraja la chini kabisa, la wanafunzi waliolipia masomo kwa kuwatumikia wenzao. Kazi za wanafunzi wa daraja hilo zilikuwa kuwaamsha wakubwa asubuhi, kuwasafishia viatu, kumwaga vyombo vya haja za usiku na kuwahudumia mezani, kisha wao wakala kilichobaki. Wakati huo hapakuwa na Bodi ya Mikopo wala bumu. Jambo la kuchekesha ni kwamba daftari lake la matumizi linaonyesha yeye mwenyewe alikuwa anawakopesha wanafunzi wenzake na kuandika kila aliyemdai. Akilipwa, anafuta jina.

Chuo kilifundisha mambo ya Aristotle, Mgiriki aliyekuwa amekufa miaka 2,000 nyuma. Kwa mafundisho hayo, kitu kinakwenda kwa sababu kuna kitu kinakisukuma, na kikiachwa kinasimama. Newton alisoma aliyopangiwa bila kumaliza vitabu vyake. Mwaka 1664 hivi alifungua kurasa mpya za daftari akaanza kuandika maswali yake mwenyewe: mwanga ni nini, rangi zinatoka wapi, kitu kizito kwa nini kinaanguka.

Hesabu aliingia kwa mlango wa nyuma, na kisa chenyewe kinafaa kusikilizwa na kila aliyeko mwaka wa kwanza. Mwaka 1663 alinunua kitabu cha unajimu kwenye gulio kubwa karibu na Cambridge. Akafika kwenye mchoro wa nyota ambao hakuuelewa kwa sababu hakujua trigonometria. Akanunua kitabu cha trigonometria, naye huyo akamshinda kwa sababu hakujua jiometri. Akanunua Euclid, kitabu cha jiometri ambacho hadi hapo kilikuwa na umri wa miaka karibu 2,000. Akaona mambo ya mwanzo ni rahisi mno, akakitupa pembeni.

Kisha akapata kitabu cha jiometri cha Mfaransa René Descartes, na hapo akagonga mwamba. Alisoma kurasa chache akakwama. Akarudi mwanzo kabisa, akasoma tena, safari hii akafika mbele kidogo, akakwama tena. Akarudi mwanzo mara nyingine. Alikwenda hivyo bila mwalimu mpaka akakimaliza chote. Alipofanyiwa mtihani wa kupata ufadhili mwaka 1664, Profesa Isaac Barrow alimuuliza habari za Euclid, kile kitabu alichokitupa, na Newton akajibu vibaya. Hakuulizwa habari za Descartes, ambazo alizijua, naye hakujitetea. Ufadhili aliupata hata hivyo, kisha akarudi kwa Euclid akamsoma kwa adabu.

Mwandishi wa makala haya alipata sapu ya hesabu katika mwaka wake wa kwanza, na mtu wa kwanza kumsimulia habari hii ya Newton na Euclid alikuwa mwenzake wa bwenini aliyepata sapu ile ile.

Chuo kinafungwa kwa tauni

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza. London peke yake ilipoteza makumi ya maelfu ya watu. Chuo cha Cambridge kilifungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, na Newton, ambaye alikuwa amepata shahada ya kwanza miezi michache nyuma, akarudi Woolsthorpe kwa mama yake. Isipokuwa miezi michache ya mwaka 1666, alikaa huko hadi mwaka 1667. Alikuwa na miaka 22, 23, na hakuna aliyemtuma kuchunga kondoo tena.

Katika kipindi hicho alikamilisha hesabu iliyokuja kuitwa kalkulasi. Tuieleze kwa barabara yetu. Basi likitoka Dar es Salaam hadi Mikumi, umbali wa kama kilomita 300, kwa saa 6, wastani wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Hesabu hiyo darasa la saba anaiweza. Lakini katikati ya hifadhi, pale twiga anapoingia barabarani, wastani hausaidii. Dereva anataka kujua mwendo wake wa dakika hii, sekunde hii, nukta hii. Katika nukta moja ya wakati basi halisogei hata unywele, na muda wenyewe ni sifuri. Ukigawa sifuri kwa sifuri unapata nini? Newton alitafuta njia ya kuchukua muda mdogo, kisha mdogo zaidi, kisha mdogo zaidi, na kuona wastani unaelekea kwenye namba gani. Namba hiyo ndiyo mwendo wa nukta ile.

Upande wa pili wa kalkulasi ni kinyume chake. Tuseme unajua Mto Mkondoa unapitisha maji kiasi gani katika kila sekunde, lakini kiasi hicho kinabadilika: asubuhi kidogo, mchana mvua ya milimani ikishuka kinapanda, usiku kinafurika. Maji yote yaliyopita tangu asubuhi ni kiasi gani? Utajumlisha vipande vidogo vidogo visivyo na idadi. Watu kadhaa kabla yake walikuwa wameshughulikia swali la kwanza, na wengine la pili. Newton aliona kwa uwazi kwamba maswali haya mawili ni njia moja, kwenda na kurudi. Anayejua kujibu moja anajibu na la pili kwa kurudi nyuma. Hesabu yake aliipa jina la Kilatini lenye maana ya mtiririko, na jina hilo linafaa kabisa kwa watu walioona mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yakibeba nyumba na tuta la reli.

Sasa lile tunda. Newton mwenyewe alikisimulia kisa hicho uzeeni, mwaka 1726, kwa rafiki yake William Stukeley, wakinywa chai chini ya miti ya matofaa. Alisema wazo la uvutano lilimjia alipoona tofaa likianguka. Hakusema lilimpiga kichwani, hilo limeongezwa na wasimuliaji. Na swali lake halikuwa kwa nini tofaa linaanguka. Alijiuliza nguvu inayovuta tofaa inaishia wapi. Inafika juu ya mti, inafika juu ya mlima. Je, inafika mwezini?

Akapiga hesabu. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko tofaa lilivyo mbali na kitovu hicho. Kama nguvu inapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, basi huko mwezini ni dhaifu mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Tofaa, au embe, huanguka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Gawa kwa 3,600: mwezi unapaswa kuanguka kuelekea duniani kama milimita moja na theluthi kila sekunde. Na kweli, njia ya mwezi inapinda kuelekea kwetu kwa kiasi hicho. Mwezi unaanguka, ila una mwendo wa pembeni, hivyo kila ukianguka unaikosa dunia na kuizunguka. Mara ya kwanza jibu lake halikukaa sawasawa, kwa sababu kipimo cha ukubwa wa dunia alichotumia kilikuwa na makosa. Akaweka karatasi kabatini.

Kuweka karatasi kabatini ndiyo ilikuwa tabia yake mbaya kuliko zote. Kalkulasi aliiweka kabatini pia. Tutaona ilivyomgharimu.

Profesa asiye na wanafunzi

Tauni ilipoisha alirudi Trinity, akapewa nafasi ya kudumu mwaka 1667. Mwaka 1669, akiwa na miaka 26, akamrithi Barrow kama profesa wa hesabu. Mhadhiri mzuri hakuwa. Msaidizi wake aliyeishi naye miaka mitano alieleza baadaye kwamba waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache, waliomwelewa wachache zaidi, na mara nyingine alisoma mhadhara kwa kuta. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka darasani bila kuelewa ajue jambo hilo lilianza zamani, na mhadhiri mwenyewe alikuwa Newton.

Alitengeneza kwa mikono yake darubini ya aina mpya, inayotumia kioo kilichopinda badala ya lenzi, yenye urefu wa kama sentimita 15 tu. Mwaka 1672 aliingizwa katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya London, akawatumia maelezo ya majaribio yake ya mwanga: mwanga mweupe wa jua ukipita kwenye kipande cha kioo chenye pembe tatu hugawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, na rangi moja ukiipitisha kwenye kioo cha pili haibadiliki tena. Rangi zimo ndani ya mwanga, hazitoki kwenye kioo. Akiwa anachunguza kuona, aliwahi kuingiza kijiti butu kati ya jicho lake na mfupa akalibonyeza jicho kutoka nyuma ili aone duara za rangi zinavyotokea. Asijaribu mtu.

Mwanasayansi Robert Hooke aliukosoa waraka wake wa mwanga. Newton hakuzoea kupingwa, akakasirika, akajifungia, na kwa miaka mingi akatumia muda kwenye mambo mengine: kutafuta namna ya kugeuza madini kuwa dhahabu, na kupiga hesabu za nyakati katika Biblia. Aliandika mamilioni ya maneno juu ya hayo, na dhahabu haikupatikana.

Aliyemtoa ndani ni kijana mmoja, Edmond Halley. Agosti 1684 Halley alifunga safari hadi Cambridge akamuuliza: kama jua linavuta sayari kwa nguvu inayopungua kwa kipeo cha pili cha umbali, sayari itazunguka kwa umbo gani? Newton akajibu papo hapo kwamba ni duaradufu, na kwamba alishalipigia hesabu. Halley akaomba kuiona. Newton akatafuta kwenye karatasi zake asiipate. Akaahidi kuiandika upya.

Akaanza kuandika na hakuweza kuacha. Kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu alisahau kula na kulala, na kilichotoka mwaka 1687 ni kitabu cha Kilatini kinachojulikana kwa kifupi kama Principia. Jumuiya ya Kifalme haikuwa na fedha za kukichapa kwa sababu ilikuwa imezimalizia kwenye kitabu kikubwa cha samaki ambacho hakikununuliwa. Halley akalipa gharama kutoka mfukoni mwake. Baadaye Jumuiya ilipokosa fedha ya mshahara wake, ilimlipa kwa nakala za kile kitabu cha samaki.

Kilichomo ndani, kwa watu wa reli na barabara

Sheria ya kwanza abiria wa Kilosa anaijua kwa mwili. Treni ya umeme inayopita kwenye mahandaki ya Kilosa imeundwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na ikiwa kwenye mwendo usiobadilika, maji kwenye kikombe yanatulia kama yako mezani nyumbani. Ikifunga breki, wewe unaendelea mbele. Hakuna aliyekusukuma. Ulikuwa na mwendo na mwili wako umeendelea nao. Hapo ndipo Newton, kwa kufuata kazi za Galileo na Descartes, alipomwacha Aristotle: mwendo hauhitaji sababu, mabadiliko ya mwendo ndiyo yanayohitaji.

Sheria ya pili inaeleza kiasi. Lori tupu na lori lililojaa miwa vikiwa na injini moja haviondoki sawa, kwa sababu kani ile ile inagawanywa kwenye tungamo kubwa zaidi. Breki nazo ni vivyo hivyo. Gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu likiwa na kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 14 kusimama tangu breki iliposhika. Likiwa na kilomita 100 linahitaji kama mita 55. Mwendo umezidi mara 2, umbali umezidi mara 4, na hapo hatujahesabu muda wa dereva kushtuka. Matuta na vibao vya mwendo ndani ya Hifadhi ya Mikumi vimewekwa juu ya hesabu hii. Pundamilia hajui fizikia, anayetakiwa kuijua ni dereva.

Ya tatu kila mvuvi anaifanya: ukisukuma ukingo kwa mguu, mtumbwi unarudi nyuma.

Kitabu hicho kilieleza pia kwa nini bahari hujaa na kupwa. Wenzetu wa pwani wanajua tangu enzi kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja katikati. Newton alionyesha sababu: mwezi na jua vyote huvuta maji, vikipangana kwenye mstari mmoja nguvu zinajumlishwa, vikikaa pembeni zinapunguzana. Tena alieleza habari ya Mfaransa Jean Richer, aliyepeleka saa ya pendulamu hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, mwaka 1672 na kuikuta inachelewa. Cayenne iko karibu na ikweta kama sisi. Dunia inazunguka na imetanuka kidogo kiunoni, akasema Newton, kwa hiyo huku kwetu mvuto ni dhaifu kidogo. Ile namba 9.8 ambayo wanafunzi huikariri ni kama 9.78 kwetu, na kama 9.83 kwenye ncha za dunia.

Ugomvi, sarafu na hasara

Turudi kwenye kabati. Newton alipokuwa amekalia kalkulasi yake, Mjerumani Gottfried Leibniz aliigundua kivyake na mwaka 1684 akaichapisha. Ukazuka ugomvi wa nani kaiba kwa nani. Wanahistoria leo wanakubali kwamba hakuna aliyeiba: Newton alitangulia kugundua, Leibniz alitangulia kuchapa. Lakini mwaka 1712 Jumuiya ya Kifalme iliunda kamati kuamua kesi hiyo. Rais wa Jumuiya alikuwa Newton, na ripoti iliyompa ushindi aliiandika mwenyewe kwa siri. Leibniz alifariki mwaka 1716 akiwa na jina lililochafuliwa. Hata hivyo alama ambazo mwanafunzi anaziandika leo, ile d ya dy na dx na ile S ndefu ya kujumlisha, ni za Leibniz. Kutoka kwa Newton imebaki nukta moja juu ya herufi, na waitumiao zaidi ni watu wa fizikia.

Mwaka 1693 akili ilimchoka. Hakulala kwa siku nyingi, akawaandikia marafiki barua za kuwatuhumu mambo yasiyokuwepo, kisha akapata nafuu akaomba radhi. Mwaka 1696 alihamia London kusimamia kiwanda cha serikali cha sarafu. Wengi walidhani ni cheo cha kupumzikia. Yeye alikwenda mwenyewe kwenye vilabu na magereza kutafuta ushahidi dhidi ya watengeneza fedha bandia, na kinara wao mmoja, William Chaloner, alinyongwa mwaka 1699. Mwaka 1705 Malkia Anne akampa cheo cha Sir.

Fedha nazo zilimfundisha kitu. Mwaka 1720 alikuwa na hisa katika Kampuni ya Bahari ya Kusini, iliyokuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa katika makoloni ya Hispania. Bei ikapanda, akauza kwa faida. Ikazidi kupanda, akaona wenzake wanatajirika, akanunua tena bei ikiwa juu. Kisha ikaporomoka na yeye akapoteza fedha nyingi sana. Wanaocheza upatu watamwelewa. Kwamba faida ile ilitoka kwenye migongo ya Waafrika waliofungwa minyororo, hatuna kumbukumbu kwamba ilimkosesha usingizi.

Hakuoa. Alifariki London mwezi Machi 1727 akiwa na miaka 84, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey walimozikwa wafalme. Hakuacha wosia, na mali yake iligawanywa kwa watoto wa wadogo zake, wale aliowapata kwa siku moja mama aliporudi nyumbani. Karatasi zake zilikaa na ukoo kwa vizazi. Za hesabu na fizikia zilitolewa kwa Chuo Kikuu cha Cambridge karne ya 19, nyingine zikauzwa kwa mnada mwaka 1936.

Maktaba ya chuo hicho imezipiga picha nyingi na kuziweka kwenye intaneti bila malipo, yakiwemo madaftari ya ujana wake. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyafungua, akiwa Kidodi au kwingineko. Ataona mwandiko mdogo uliobanana, mistari iliyokatwa na hesabu zilizoanzwa upya.